Mpwa wangu amepewa penseli atafute maneno ya kudhalilisha kwenye riwaya za kale. Hii nayo ni atachimenti?

#1 MtuWaKuze
Salaam wana ukumbi. Nina mpwa wangu mwaka wa tatu chuoni, asomea ukutubi. Amepata atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya chuo, kwenye maktaba ya shule moja ya kibinafsi hapa Mombasa, shule siitaji. Wiki ya kwanza alipanga vitabu na kugundisha migongo iliyobanduka. Wiki ya pili mkutubi akampa penseli na bunda la vikaratasi vya manjano, akamwonyesha rafu ya riwaya za Kiingereza za zamani. Apitie zote. Kila penye neno la kudhalilisha watu atie kikaratasi na aandike ukurasa kwenye daftari.

Chanzo ni mzazi aliyekuja juu. Mwanawe alikuwa akisoma kwa sauti nyumbani, likatoka lile neno la N, tusi la Kiingereza kwa watu weusi, mbele ya wageni.

Sasa logibuku la chuo, daftari la kuandika kazi za kila wiki, lina safu ya "ujuzi uliopatikana wiki hii" na msichana ameikodolea macho tu. Aandike nini? Kutambua matusi? Mamake, dada yangu, yuwasema mtoto amelipiwa karo ili aje mjini asome matusi ya Wazungu. Halafu lipo swali lenyewe: hayo maneno yafutwe, yafunikwe, au yaachwe? Nipeni maoni, nyumbani hatulali.

#2 Chapati_Mbili
Mpwa wako ana bahati. Mimi atachimenti yangu nilifundishwa njia ya kwenda kununua mahamri na mbaazi. Mpaka leo nakwambia ni mama yupi Mwembe Tayari atia tui zito na yupi aongeza maji.

#3 Bi_Saumu
MtuWaKuze mwanangu, mimi nimestaafu ualimu wa Kiingereza na fasihi. Jibu langu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Yaachwe.

Chukua Huckleberry Finn, kitabu cha Mmarekani Mark Twain cha yule mtoto Huck na Jim anayetoroka utumwa. Kimetoka 1884 Uingereza, Marekani mwanzo wa 1885. Neno la N limo mara 219. Mwaka 2011 profesa mmoja wa Alabama, Alan Gribben, akatoa toleo ambalo kila pahali pa neno hilo pametiwa "mtumwa". Nia yake ilikuwa njema, alisema walimu walikuwa wanakikimbia kitabu kizima. Lakini tazama kilichotokea. Huck anazungumza kama mtoto aliyelelewa kwenye jamii iliyooza, na uozo huo wausikia mdomoni mwake. Kisha mtoto huyo huyo afika mahali aamua kumsaidia Jim hata kama atakwenda motoni. Ukiusafisha mdomo wake tangu ukurasa wa kwanza, safari ameifanya wapi?

Na neno lililotiwa si sawa. Mtumwa ni hali, mtu aweza kutoka. Lile jingine lilikuwa halimtoki mtu hata akishakuwa huru. Kitabu chenyewe kina mtu mweusi aliye huru, babake Huck amchukia mpaka atoa povu.

#4 Kalamu_Kavu
@Bi_Saumu heshima yako mwalimu, lakini mbona twajadili kama tuko Alabama? Sisi tuko Mombasa. Neno la N hapa vijana walisikia kwenye rap, wengine wanaitana nalo wakicheza mpira Tononoka. Haliwachomi vile linavyomchoma mtoto mweusi Mississippi. Sasa mchukue yule profesa na dawa yake, umlete Pwani. Ameondoa neno ambalo hapa halina makali, akatia "mtumwa". Hebu nenda umwite mtu hivyo Mji wa Kale au Kongowea uone kama utarudi na meno yote.

Maneno ya kuumiza ya hapa ni mtumwa, mshenzi, mbara, kafiri. Mwaka 2022 kabla ya uchaguzi tume ya uwiano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Yalikuwamo "madoadoa", yaani makabila yanayoonekana ya wageni, na hata "wabara waende kwao". Hilo la mwisho ni letu kabisa. Kwa hiyo huyo msichana akitafuta neno la N peke yake anafanya kazi ya maktaba ya ng'ambo.

#5 MtuWaKuze
@Kalamu_Kavu hilo nitamfikishia. Mkutubi alimwambia "maneno ya kudhalilisha", hakutaja moja.

#6 Nahodha_Tudor
Nyongeza kwa Bi Saumu. Watu hudhani kitabu cha Twain kilianza kupigwa vita juzi kwa sababu ya ubaguzi. Maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikikataa mwaka ule ule wa 1885, na ubaguzi haukutajwa. Walisema ni kitabu cha kihuni, lugha yake mbovu, Huck hana adabu, hakifai watoto wa watu wenye heshima. Neno la N wao halikuwasumbua. Mpaka 1957 ndipo bodi ya elimu ya New York ikakitoa kwenye orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa kwa madarasa ya chini, na safari hiyo mjadala ulikuwa wa rangi. Kitabu kile kile, hasira mbili tofauti.

#7 Wakili_Mtoro
Kwa ufupi, zamani hawakujua kama ni vibaya. Ilikuwa lugha ya kawaida. Huwezi kumhukumu mtu wa 1885 kwa akili ya leo. Hata Agatha Christie kile kitabu chake cha watu kumi kisiwani kilikuwa na neno hilo kwenye jina, kikabadilishwa 1985 dunia ilipoamka.

#8 Nahodha_Tudor
@Wakili_Mtoro ilipoamka Uingereza, useme. Kimetoka London 1939 na jina hilo. Marekani walikitoa 1940 kikiwa na jina jingine kabisa, maana wachapishaji wa kule walijua kitawaletea balaa. Waingereza wakaendelea na jina la zamani miaka arubaini na ushei. Kwa hiyo mwaka mmoja tu baada ya kuandikwa walikuwako watu waliojua ni vibaya.

#9 Mzee_Makadara
Assalaam aleikum. Nyinyi vijana mwasahau kitabu kilichosomwa hapa kuliko hivyo vyote. Mashimo ya Mfalme Sulemani. Sisi tulikisoma kwa Kiswahili shuleni, tafsiri ni ya 1929. Kile cha Kiingereza cha Rider Haggard ni cha 1885.

Nilipokuja kukisoma cha Kiingereza nikiwa mtu mzima nilicheka peke yangu. Kurasa za mwanzo kabisa, msimulizi Quatermain anajiuliza muungwana ni mtu gani, akaandika kuwa ameishi na watu wa... akatia lile neno. Hapo hapo akasema hapana, neno hilo nitalifuta kwa kuwa silipendi. Akaongeza kuwa amewaona wenyeji walio waungwana na Wazungu wenye pesa wasio waungwana.

Bwana Wakili, 1885 hiyo. Hawakujua vipi?

#10 Kalamu_Kavu
Mzee nimekukubali, hiyo ni kali. Ila malizia hadithi. Baada ya kulifuta neno moja, kitabu kizima kimejaa "Kafir" kila ukurasa wa safari, na hilo hakulifuta. Alichagua lipi lamchoma yeye.

#11 Wakili_Mtoro
Mtu mmoja kuandika "silipendi" haifuti kwamba jamii yake ilikuwa ikilitumia bila kujali. Nasimama pale pale.

#12 HR_Bila_Jina
Nimesoma uzi wote na nashangaa mmehamia Alabama mkaliacha swali la kwanza. Mtoto aandike nini kwenye logibuku?

Mimi nahusika na kuajiri kwenye kampuni ya kliaringi hapa bandarini. Kila muhula tunapata barua za atachimenti mpaka droo haifungi. Wakifika, wengi wanaandika "nimejifunza kufanya kazi kwa ushirikiano na mawasiliano bora". Hiyo sentensi haina maana, hata paka wa ofisi angeweza kuiandika.

Niwape kisa. Tulikuwa na kijana wa atachimenti tuliyempa kazi ya kuchosha, kulinganisha nambari za makontena kwenye hati za shehena na zile za fomu za forodha. Nambari ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili makosa yashikwe. Kijana hakuambiwa hayo. Aliona tu kuwa nambari moja imepindana tarakimu mbili, akaja kuuliza. Kontena hilo lingekaa bandarini likila gharama za kuhifadhi kila siku huku sisi tukitafuta la watu wengine. Hakuwa na ufundi wowote. Alikuwa na jicho la kusoma, na ujasiri wa kumwambia bosi "hapa sielewi".

Sasa huyo binti anapitia kurasa mia tatu akitafuta jambo moja, anaweka rejista. Ni kazi ile ile. Ila rejista iwe na maana. Ukurasa peke yake hautoshi. Atie kitabu, mwaka wa toleo, ukurasa, nani anasema, anamwambia nani, na msimulizi anaonekana kukubaliana au anamcheka msemaji. Mwaka wa toleo usiachwe, vitabu vingine vimebadilishwa kimya kimya. Safu hizo zikijaa, kwenye logibuku aandike: "Nimeunda rejista ya uhakiki wa matini kwa vitabu kadhaa." Mimi nikiona hivyo kwenye sivii nitampigia simu.

#13 Chapati_Mbili
HR na mimi nakuja, nina rejista ya mbaazi. Safu: jina la mama, mtaa, uzito wa tui, kama anakopesha.

#14 HR_Bila_Jina
@Chapati_Mbili wewe ungepata kazi ya manunuzi saa hii hii 😂

#15 fildi_Tanga
Habari za huko Mombasa. Huku Tanzania twaita "fildi". Matatizo yale yale, pia nauli yako, chakula chako, na bado ukifika unatumwa vocha.

Kuhusu maneno. Shule tulisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Shylock, yule Myahudi mkopeshaji, anaitwa mbwa mle ndani na watu wanamtemea mate. Darasani tulicheka mpaka mwalimu akachoka. Hakuna aliyeumia kwa kuwa hapakuwa na Myahudi darasani. Mimi naona jambo lote liko hapo. Muangalie nani amekaa kwenye madawati.

#16 Binti_Frere
Hapo fildi_Tanga umegusa, na mimi niliyekaa kwenye dawati niseme.

Kwetu ni Frere Town. Wazee wetu ni wale walioteremshwa hapa na manowari za Waingereza baada ya kukamatwa majahazi ya watumwa, miaka ya 1870, wakapewa ardhi na wamisionari wa CMS. Mnara wa kengele bado upo pale, mnaupita kila siku mkienda Kongowea. Mwaka 1934 mtu wa kwetu, James Mbotela, alitoa Uhuru wa Watumwa. Kiswahili, kimeandikwa na mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Wasomi wa baada ya uhuru wakakisema vibaya kweli kweli, kwamba ni kasumba, Mwingereza kafanywa malaika na Mwarabu kafanywa shetani. Sawa. Lakini mle ndani ndimo nilimokuta watu wangu wakizungumza.

Nilipokuwa sekondari mwalimu alitaka tukijadili. Msichana mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndio nyinyi." Darasa lilisikia. Mwalimu alijifanya hakusikia, akaendelea na mbinu za lugha. Kwa hiyo kitabu kilikuwa kizuri na siku ilikuwa mbaya, vyote viwili. Hata hivyo sitaki kifichwe. Nataka yule mwalimu angesimama.

#17 Sharifu_wa_Ndani
Pole dada Binti_Frere kwa yaliyokupata, wallahi si adabu. Lakini na sisi tulikaa kwenye madawati hayo hayo. Kitabu hicho chamfanya kila mwenye kilemba kuwa mwizi wa watoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano naambiwa "babu zenu". Mbona hamtaki kuona kuwa hayo nayo ni maneno ya kudhalilisha? Kama msichana anatia vikaratasi kwa Wazungu, avitie na hapo.

#18 Binti_Frere
Avitie. Na akimaliza aende rafu ya tenzi. Mwana Kupona, 1858, mama amwusia bintiye: "Sitangane na watumwa, ila mwida wa khuduma." Usichanganyike nao ila wakati wa kazi. Utenzi huo twafundishwa kama kito cha adabu za mwanamke, na mimi nimeukariri nikapigiwa makofi. Hakuna mzazi aliyekuja juu.

#19 Sharifu_wa_Ndani
Huo ni wasia wa mama mgonjwa kwa mwanawe, na desturi ya zama zake. Usiulinganishe na riwaya za wakoloni.

#20 Wakili_Mtoro
"Desturi ya zama zake"!! Asante Sharifu. Nilipoisema mimi mlinirukia.

#21 Msimamizi_3
Ndugu zangu, uzi ni mzuri, msiuharibu. Hoja ijibiwe kwa hoja. Anayetaka kutaja kabila au ukoo wa mwenzake afanye hivyo nje ya ukumbi.

#22 Mzee_Makadara
Msimamizi ahsante. Mimi nataka kuongeza kidogo tu. Mombasa hii matusi ya kishairi ni urithi. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa zamani, aliwasuta watu wa Lamu na wa Unguja kwa mashairi ambayo leo ungeyatia kwenye WhatsApp ungeitwa na NCIC. Twayasoma, twayasifu, twatunga maswali ya mtihani juu yake. Hatujayafuta. Tofauti ni kwamba aliyesutwa alikuwa na malenga wake wa kujibu. Lamu walimjibu. Wale wa kwenye riwaya za Haggard hawakupewa malenga.

#23 Kalamu_Kavu
Mzee hiyo ya malenga nimeiweka mfukoni.

Basi na hapo ndipo namwona Achebe, yule mwandishi wa Nigeria. Mwaka 1975, chuo kikuu cha Massachusetts, Amherst, alisimama akawaambia wenyeji wake kuwa Heart of Darkness, kile kitabu cha Joseph Conrad cha Kongo cha 1899, kimeandikwa na mbaguzi. Alikuwa malenga anajibu, amechelewa miaka sabini na sita tu.

#24 Nahodha_Tudor
Na angalia, hoja ya Achebe haikuwa neno. Hata ungeyafuta maneno yote mabaya ya kitabu hicho, Waafrika mle bado karibu hawazungumzi kabisa, wanapiga kelele na kuvingirika tu. Hakuna penseli itakayotia kikaratasi hapo. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona kwenye kazi ya mkutubi: anatafuta maneno, na udhalilishaji mara nyingi hauna neno.

Halafu @Wakili_Mtoro usisahau soko. Conrad huyo huyo ana kitabu cha 1897 cha mabaharia chenye neno la N kwenye jina. Marekani kikatoka kwa jina la "Watoto wa Bahari". Si kwa huruma. Mchapishaji aliona hakuna Mzungu atakayenunua kitabu chenye jina la mtu mweusi. Yaani wamelitoa neno la kibaguzi kwa sababu ya kibaguzi.

#25 Chapati_Mbili
Hapo #24 nimesoma mara mbili nikaenda kunywa maji.

#26 Mama_Wawili_Bamburi
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi si yule mzazi wa MtuWaKuze, lakini ni wa aina hiyo, na mnatuzungumzia kama watu wasiojua kusoma.

Shule za kibinafsi za hapa mnazijua, darasa moja lina Wahindi, Waarabu, Wazungu wawili watatu, watoto wa Nairobi, na Mijikenda kama wangu. Mwanangu ndiye mweusi kuliko wote darasani. Walisoma riwaya ya Kimarekani kwa zamu, kila mtoto aya moja. Aya yenye neno ikaangukia mtoto mwingine, akaisoma akimwangalia wangu. Mwalimu alisema ni fasihi. Wenzake walitoka na fasihi hiyo mpaka uwanjani, ikawa jina lake la mpira muhula mzima. Jina lake halisi lilirudi alipohamishwa darasa.

@Kalamu_Kavu ulisema neno hilo hapa halina makali. Njoo umwambie yeye.

#27 Kalamu_Kavu
Mama pole sana. Nilisema juu ya Tononoka, wanaitana wenyewe kwa wenyewe. Darasa lenu ni jambo jingine.

#28 Bi_Saumu
Mama Wawili, mwalimu huyo alikosea, na alikosea ufundi, si fasihi. Kitabu cha namna hiyo hakisomwi kwa zamu kwa sauti. Watoto husoma kimya nyumbani, darasani mwalimu ndiye anasoma vifungu alivyovichagua, na kabla ya yote awe amewaambia watakutana na nini. Kipindi kizima cha kwanza hakifunguliwi kitabu. Hayo hufundishwa kwenye mazoezi ya ualimu, lakini siku hizi mwalimu wa mazoezi huachiwa darasa siku ya pili na mwenye darasa akaenda zake kunywa chai.

Na kufuta si mwanzo leo. Mwaka 1807 huko Uingereza familia moja, Bowdler, ilitoa Shakespeare wa kusomwa mbele ya mama na watoto, yenye kuaibisha yote yametolewa. Jina lao likawa kitenzi cha dhihaka kwa Kiingereza. Nani leo amsoma Shakespeare wao?

#29 Mama_Wawili_Bamburi
Mwalimu ahsante, lakini ufundi huo wahitaji walimu wote wawe kama wewe. Mimi napanga kwa walimu waliopo.

#30 MwanaTUM
Naomba kurekebisha kitu. Wengi hapa wanachanganya atachimenti na intanshipu. Atachimenti ni ya mwanafunzi, sehemu ya kozi, kwa kawaida wiki kumi na mbili hivi, kuna msimamizi wa kazini na mhadhiri anakuja kukukagua. Intanshipu ni ya aliyekwisha kumaliza. Ile ya serikali kupitia PSC, tume ya utumishi wa umma, ni mwaka mzima na ina posho. Wa atachimenti halipwi kwa lazima, anayekupa nauli amekufanyia hisani.

Tena waajiri wanatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, pesa za mafunzo, zinakwenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kwa hiyo bosi akikwambia "tunakusaidia tu", ujue kuna hesabu nyuma.

#31 Chapati_Mbili
Ina maana mbaazi zangu zilikuwa na bajeti??

#32 Wakili_Mtoro
Tatizo la atachimenti ni vyuo. Mhadhiri anakuja mara moja, anapiga picha na bosi, anatia sahihi wiki zote kwa kalamu moja.

#33 HR_Bila_Jina
Vyuo vina lawama, na sisi waajiri tuna lawama, twachukua watu bila kupanga watafanya nini. Lakini vijana nao! Unampa kazi, ukigeuka yuko TikTok. Kuna aliyekaa kwetu muhula mzima na hakuwahi kuuliza swali.

#34 MwanaTUM
Hakuuliza kwa sababu wa kabla yake aliuliza akaambiwa anajifanya mjuaji. Tunaambizana jamani, tuna kundi letu.

#35 MtuWaKuze
Wakubwa zangu shukrani, uzi umekuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Nawapa ya huko.

Safu za HR amezitia zote. Sasa yameanza kujitokeza mambo. Kuna riwaya moja maneno karibu yote yako mdomoni mwa watu wabaya wa hadithi. Nyingine hayamo kwenye mazungumzo kabisa, ni msimulizi mwenyewe anapoeleza mandhari, kama vile anataja miti. Asema hizo ndizo zilizomkera zaidi. Ya Nahodha kuhusu kudhalilisha bila neno nayo ameiongezea safu, ameiita "kimya", anatia alama mahali ambapo mtu mweusi yupo chumbani na hapewi sentensi.

Kingine. Amekuta nakala moja ya zamani ambayo mtu aliwahi kuyapaka maneno tipeksi. Ukiuinua ukurasa dirishani, neno lasomeka vizuri kabisa kutoka upande wa nyuma. Kurasa nyingine zimekwanguliwa, ukingo wa sarafu umeacha michirizi, na pembeni mtoto ameandika kwa penseli "nimelipata". Kitabu hicho ndicho chenye mihuri mingi ya kuazimwa kuliko vyote kwenye rafu ya 823, namba ya maktaba ya riwaya za Kiingereza. Majirani zake ni safi kama walivyotoka dukani.

Mkutubi amefurahi, ameomba binti aandike ukurasa mmoja wa maelezo kwa walimu. Mkuu wa shule naye, alivyosikia tu, ataka vitabu vyote vyenye vikaratasi vitiwe kwenye masanduku kabla ya muhula kwisha. Hapo ndipo tulipo. Mtu wa atachimenti yuko katikati ya wakubwa wawili.

#36 Mzee_Makadara
Hahahaa, "nimelipata"! Watoto ni wale wale.

#37 Nahodha_Tudor
Huyo mkuu akumbushwe ya Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. Wale vibarua wadogo wa kiwanda cha chokoleti, mwaka 1964 walikuwa Mbilikimo kutoka Afrika wanaolipwa kwa kakao. Watu wakalalamika, yeye mwenyewe akawabadilisha kwenye toleo la 1973. Halafu 2023 wachapishaji wakaja na mamia ya mabadiliko mengine yeye akiwa kaburini, watu wakawaka, kampuni ikasema sawa, tutauza na ya zamani pia. Mimi naona haya mawili si jambo moja.

#38 Kalamu_Kavu
Na sasa wanauza matoleo mawili badala ya moja. Hasira ya watu ni mtaji.

#39 Sharifu_wa_Ndani
Swali la kutoka nje kidogo. Rafu ya 823 ni Kiingereza. Kiswahili kiko wapi?

#40 MwanaTUM
896.392. Mimi nilipanga rafu hiyo atachimenti nzima. Tenzi na Mbotela vinakaa jirani.

#41 Binti_Frere
Basi Mwana Kupona na Mbotela wako rafu moja, wamegusana mgongo. Sharifu tukutane hapo.

#42 Sharifu_wa_Ndani
Nitakuja na kahawa. Wewe lete kaimati.

#43 Mama_Wawili_Bamburi
@MtuWaKuze rejista hiyo itapatikana? Nataka kuipeleka kwenye kikao cha wazazi, niwaonyeshe vitabu vipi visisomwe kwa zamu.

#44 Bi_Saumu
Nami naiomba, niwapelekee walimu vijana ninaowajua, wapate pa kuanzia kabla ya kuingia darasani.

#45 Kalamu_Kavu
Na mkuu wa shule ataitumia hiyo hiyo kujazia masanduku. Binti akiitoa, aandike jina lake juu, na ule ukurasa wa maelezo ubanwe pamoja, usiachane na orodha.

#46 MtuWaKuze
Nitamuuliza mkutubi kwanza, kazi ni ya maktaba. Mhadhiri wa chuo aja Alhamisi kukagua, binti ataka kujua kama ampe rejista yote au logibuku tu.

#47 HR_Bila_Jina
Yote. Na amfungulie ukurasa wa tipeksi dirishani kabla chai haijaletwa.